Sekunde Nne za Chepseon

Video yangu iliyotazamwa zaidi ya zote ni ya sekunde 58, na ndani yake kuna sekunde nne ambazo sikufaa kuziweka. Nilishaifuta, kwa hivyo msinitumie jumbe za kuomba linki. Lakini wengi wenu mliiona, wengine mliisambaza, na nimekuwa na deni la kueleza ilivyokuwa.

Pasaka ya 2023 tulitoka Nairobi watu wanne ndani ya Vitz ya kukodisha, tunaelekea Kericho. Wazo lilikuwa langu: hakuna mbuga, hakuna hoteli ya bei, tunarekodi tu maajabu yaliyoko kando ya barabara. Na kusema ukweli, hiyo barabara haina kazi ndogo. Kama umeipita usiku tu, umelala na kichwa kwenye kioo cha matatu, bado hujaipita.

Tulishukia njia ya chini, ile ya Mai Mahiu. Unatoka kwa ukungu wa Limuru, unakata kona, na ghafla dunia inaisha. Bonde lote liko chini yako, Longonot upande mmoja, Suswa kule mbali imejikunja kwa vumbi. Kando ya barabara ni vibanda vya mbao vimening'inia juu ya mteremko, vimejaa ngozi za kondoo na kofia za manyoya ambazo hakuna mtu nimewahi kumwona akivaa Nairobi, ila kila mtu ana picha amevaa moja. Chini zaidi kuna lile kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na Waitaliano waliotekwa vitani, wakatumiwa na Waingereza kujenga hiyo barabara. Ni dogo kweli. Ukienda na ukoo wenu wa Krismasi, nusu watasali nje. Nilikaa ndani dakika kumi nikifikiria mtu aliyetolewa kwao, akafungwa, akapewa sururu, halafu muda uliobaki akajenga mahali pa kusali. Kwenye video hiyo ilikuwa sekunde tatu.

Gilgil ni nyani, wanakaa kando ya lami kama askari wa trafiki. Elementaita kuna ule mlima unaofanana na mtu aliyelala chali: paji la uso, pua, kifua. Sisi tunauita Shujaa Aliyelala. Walowezi waliuita Pua ya Delamere, maana wao hata mlima ukilala lazima uwe wa mzungu wao.

Baada ya Nakuru mambo yanabadilika. Barabara inaanza kupanda, trela zinakuwa nyingi, na unafika Salgaa, mji ambao umeishi kwa sababu madereva wa malori lazima walale mahali. Halafu Sachang'wan. Hapo ndipo tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na mitungi kuchota, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wengine walizikwa kwenye kaburi la pamoja kwa sababu hakuna aliyeweza kuwatambua. Hatukusimama. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema tusimame. Kwenye video, kipande hicho nilikiwekea muziki.

Mau Summit unakunja kushoto. Baridi inaingia kwa gari bila kubisha. Misipresi, mashamba ya waru, ng'ombe wenye afya kuliko mimi. Londiani Junction tulinunua mahindi choma na mayai ya kuchemsha, yote kupitia dirishani, injini ikinguruma. Hakuna aliyetoa mguu nje. Kumbukeni hilo dirisha.

Halafu Chepseon.

Watu wengi wa Nairobi hawajui hilo jina, na waliopita hapo hawajui kwamba walipita. Ni senta ya barabarani upande wa Kipkelion Mashariki, kabla hujafika Kericho mjini. Maduka mstari mmoja huku, mstari mmoja kule, boda boda zimejipanga, maziwa kwenye mitungi, kabeji zimepangwa piramidi, waru kwenye ndoo zilizojazwa mpaka zikaota kilima juu. Katikati ni ile barabara kuu ya kwenda Kisumu, na juu yake, matuta.

Matuta ndiyo siri ya biashara yote ya barabarani Kenya. Mahali gari linapunguza mwendo, ndipo soko linapoota. Hakuna aliyepanga. Gari likipanda tuta una kama sekunde sita za kumwonyesha abiria kabeji, kumtajia bei, kumpa, kupokea pesa na kurudisha chenji. Sekunde sita. Mimi siwezi hata kufungua simu kwa huo muda.

Mathe mmoja alikuja upande wangu na kabeji mbili, moja kila mkono. Nilikuwa tayari narekodi. Dereva wetu akapita tuta la mwisho na kukanyaga mafuta. Mathe hakukata tamaa. Alikimbia kando yetu, kwenye lami, leso imefungwa kiunoni, gamubuti mguuni, akicheka na kusema bei, na bei ikishuka kadiri gari lilivyoongeza mwendo. Alianzia hamsini. Alipoachwa alikuwa amefika thelathini. Sisi ndani tulikuwa tunakufa kwa kicheko. Hatukununua.

Hizo ndizo sekunde nne. Nikaziweka mwishoni mwa video na maandishi: “Usain Bolt wa kabeji.” Mkaipenda. Nilikuwa na wafuasi elfu tatu Ijumaa, Jumatano nikawa na elfu kumi na tisa. Jamaa mmoja wa kukodisha magari akanitumia 8,000 niweke namba yake kwenye maelezo.

Kitu ambacho hamkusikia, kwa sababu nilitoa sauti na kuweka wimbo, ni honi. Kwenye rekodi ya kwanza, nyuma ya kicheko chetu, kuna honi ndefu ya trela. Lilikuwa linashuka nyuma yetu wakati yule mama yuko kwenye lami.

Mbele ya Chepseon chai inaanza, na hapo tulifanya ule ujinga ambao kila mtu anafanya: tukaruka mtaro, tukaingia katikati ya mistari, tukapiga picha mikono imenyooshwa kama yule wa meli iliyozama. Jamaa mmoja aliyekuwa anachuma, kikapu mgongoni, akatutazama muda kisha akauliza kwa upole kama tungependa aje kusimama ofisini kwetu juu ya meza. Nikacheka. Yeye hakucheka. Wachumaji hulipwa kwa kilo, na kichipukizi ulichokivunja kwa magoti ni uzito ambao hautafika kwa mizani.

Sijui kwa nini tunaita Kericho “mandhari ya asili”. Hakuna kitu pale kilichojiotea. Mchai ukiachwa peke yake unakuwa mti. Unaufika kiunoni kwa sababu kuna mtu anaukata na kuuchuma, mwaka baada ya mwaka. Kabla ya kampuni za Waingereza kuanza kupanda kwa mashamba makubwa kwenye miaka ya 1920, hiyo ilikuwa ardhi ya Wakipsigis, na kuna watu waliohamishwa ili hayo mashamba yapumue. Ukoo wa Talai ulipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1934, na wajukuu wao bado wanadai. Hata ule ukanda wa chai unaouona umepakana na msitu uliwekwa na serikali kuanzia 1986, chini ya Nyayo Tea Zones, kama ua wa kuzuia watu wasiingie msituni. Mwezi mmoja baada ya sisi kupita, Mei 2023, watu walichoma mashine za kuchuma chai huko Kericho kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya watu wengi, na kijana akafa kwenye yale maandamano. Sisi tulikuwa tumerudi Nairobi tukibishana ni picha gani ina kijani kizuri.

Basi. Tarehe 30 Juni 2023, Ijumaa jioni, lori lililobeba kontena, likielekea upande wa Kericho, lilishindwa kusimama pale Londiani Junction. Liligonga matatu, magari, pikipiki, na watu waliokuwa wanauza na kununua kando ya barabara. Watu 52 walikufa.

Pale pale tulipokula mahindi.

Sasa sikilizeni kilichotokea kwenye ukurasa wangu. Kesho yake asubuhi mtu aliichimbua ile video. Junction na Chepseon ni barabara moja, na mtu wa Nairobi hatofautishi. Akaandika kwamba yule mama wa kabeji alikuwa mmoja wao. Hakuwa na ushahidi wowote. Lakini kufikia saa sita mchana kulikuwa na maoni mia kadhaa: mishumaa, mikono ya kusali, “pumzika mama”, “alikuwa anatafutia watoto”. Watu wale wale waliomcheka mwezi wa nne sasa walikuwa wanamlilia. Mtu akabandika ile video na wimbo wa mazishi.

Na mimi? Sikujua kama yuko hai au amekufa. Sikujua jina lake. Ningeweza kuandika neno moja, “sijui”. Sikuandika. Namba zilikuwa zinapanda, na nilijiambia kwamba watu wanahitaji mahali pa kuomboleza. Iliniendea wiki mbili kabla ya kuifuta, na hata kuifuta si kwamba dhamiri iliniuma peke yake. Ni dada yangu aliyeniuliza mezani, mbele ya kila mtu, kama nimepiga simu kumtafuta huyo mama au nimehesabu tu.

Desemba nikapanda matatu ya Kericho peke yangu. Niliposhukia Chepseon konda alishangaa, akauliza mara mbili kama nina uhakika.

Sikuwa na picha ya kuonyesha watu, maana niliogopa kuitoa tena, kwa hivyo nikawa namweleza: mama wa gamubuti, anauza kabeji, anakimbia. Jamaa wa boda akacheka kabla sijamaliza. “Ah, yule wa video?” Akanionyesha kwa kidole.

Alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda, hatua chache kutoka kwenye lami, anapanga karoti.

“Chamgei, mama,” nikasema.

“Chamgei mising.” Akaniangalia kutoka viatu kwenda juu. “Unataka ya ngapi?”

Nikamwambia mimi ni nani. Hakuinua sauti. Aliendelea kupanga karoti, kubwa chini, ndogo juu, halafu akaniuliza, “Ile picha yangu uliipeleka wapi?”

Nilijaribu kueleza. Wafuasi, kusambaza, maoni. Akanikatiza. Kijana wake anafanya kazi ya mjengo Nairobi. Yeye ndiye aliyemwonyesha mara ya kwanza, akamtania, mama kwani siku hizi unakimbilia Marekani? Hiyo haikumuumiza sana. Kukimbia alikimbia kweli, na hata yeye alicheka. Kilichomuumiza ni Julai. Simu yake ilikuwa imezima chaji, na dadake aliyeolewa upande wa Bomet akaona ile video na mishumaa. Alipanda gari usiku. Alifika asubuhi akilia toka barabarani, akamkuta anakamua ng'ombe.

“Alinishika hivi,” akasema, akajishika mabega. “Hakuongea. Alinishika tu.”

Halafu akaniambia kwamba wako aliowapoteza kweli pale Junction, watu waliokuwa wananunua naye mboga kwa shamba moja, na kwamba watu walipokuwa wanampigia kumuuliza kama amekufa, alikuwa kwenye matanga ya hao wengine. Sikuwa na la kusema na sikusema.

Nilimuuliza kama walihamishwa. Baada ya ajali, waziri wa barabara wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, alisema wachuuzi watolewe kando ya barabara kuu. Akasema ndiyo, walirudi nyuma wote, wiki kadhaa, na kabeji zikaoza. “Gari haikuji huko nyuma.” Basi wakaanza kusogea tena. Leo hatua moja, wiki ijayo nyingine, hakuna aliyetangaza. Siku ile nilimkuta mahali ambapo anaona madereva kwa macho lakini bado ana nafasi ya kuruka mtaro. Alikuwa amepima.

Hapa nitoe maoni yangu, na anayetaka kubishana abishane. Kila ajali ikitokea tunasema wachuuzi ni wakaidi, wanapenda lami. Hakuna anayependa lami. Anayempeleka mchuuzi kwenye lami ni mimi, mteja wa dirishani, ambaye nataka kabeji ya thelathini lakini sitaki kushuka, sitaki kuegesha, sitaki matope kwenye raba zangu. Tungekuwa tunaegesha na kutembea hatua ishirini, soko lingehamia hatua ishirini nyuma bila amri ya waziri. Na serikali nayo ikijenga soko, inalijenga nyuma ya kituo cha polisi ambapo hata upepo haupiti, hakuna pa magari kuegesha, halafu inashangaa likibaki la mbuzi. Lete tuta na maegesho mbele ya soko, usiniambie soko liache tuta. Akina mama wa Chepseon wangewachorea hiyo ramani bure, kwa kijiti, chini kwenye udongo.

Nikarudi kwa jambo lililonileta. Nikamwomba msamaha. Akakubali haraka sana, kama mtu anayepokea chenji, halafu akauliza swali alilokuwa amelihifadhi: “Hiyo video ilikupa pesa ngapi?”

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia 8,000.

Akainamisha kichwa, midomo inasogea. Kabeji siku hiyo ilikuwa thelathini. “Hiyo ni kabeji mia mbili sitini na sita,” akasema, “na kipande.”

“Nitakupa zote, mama.”

“Zote za nini? Gari ni lenu, simu ni yako.” Akafikiria. “Mimi nilikimbia, wewe ulipiga. Tugawe katikati.”

Nikamtumia 4,000 kwa M-Pesa pale pale. Akasoma ujumbe mara mbili, akasema kongoi, akaweka simu kwa matiti, na kesi ikaisha. Alinikubalia kuandika haya kwa sharti kwamba sitamtaja jina wala kuonyesha uso, na kwamba nitasema wazi hajafa.

Hajafa.

Mchana huo mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya msitu kama kawaida ya huko. Kericho na Nandi hutajwa na wataalamu wa hali ya hewa kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na mathe alitaka kukimbia nyumbani kuanua mahindi aliyoyaanika. Akaniambia nimshikie biashara nusu saa. Bei ni thelathini, nisishuke, na nisipite mtaro. Akanionyesha mtaro kwa kidole, kama unavyomwonyesha mtoto jiko.

Dakika kumi za kwanza hakuna aliyesimama. Nilipunga mkono, nikatabasamu, nikainua kabeji. Wananiangalia kama alama ya barabarani. Niseme ukweli, inauma kuliko video kukosa watazamaji, kwa sababu hawa unawaona macho.

Halafu likaja gari jeupe kutoka upande wa Nakuru, likapunguza kwenye tuta la kwanza. Dirisha la nyuma likashuka kidogo. Kwanza ilitoka simu. Msichana nyuma yake, miwani ya jua, anacheka na wenzake. “Ngapi?” akauliza.

“Thelathini!”

Gari likapanda tuta la pili. Akasema kitu sikukisikia. Nikasema ishirini na tano. Gari likaanza kuondoka, na mkono wake bado uko nje, sikujua kama ni wa kupokea au wa kurekodi, na miguu yangu ikawa tayari imeruka mtaro, kabeji kila mkono, gari liko pale, karibu, nikinyoosha tu nitamfikia.

“Wewe! Toka barabarani!”

Mathe alikuwa amerudi. Nilisimama. Matatu ikanipita karibu kiasi cha kunivuta shati, konda akanitukana kwa lugha tatu.

Niliporudi kwenye kreti alinipokonya zile kabeji, akazirudisha juu ya piramidi, akaipangusa moja matope kwa leso. Hakunigombeza. Aliniuliza tu nilikuwa nimefika bei gani.

“Ishirini na tano.”

“Basi una deni langu la kumi,” akasema, “tano kila moja.”

“Lakini sikuuza, mama.”

“Ulitangaza.”

Matone ya kwanza yakaanza kupiga mabati. Nikampa kumi.